Sura ya Tano: Mahali pa Kukaa

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, waliwafanyia jaribio wanafunzi 40 wa seminari ya theolojia huko Princeton. Kila mwanafunzi aliitwa peke yake katika jengo moja, akapewa mada ya kuzungumzia kwa dakika chache, kisha akaelekezwa aende jengo la pili, ambako angerekodiwa. Baadhi walipewa kuzungumzia kazi zinazowafaa wahitimu wa seminari. Wengine walipewa mfano wa Msamaria Mwema kutoka Injili ya Luka: mtu kapigwa na wanyang'anyi, kaachwa kando ya njia, kuhani kampita, Mlawi kampita, mgeni ndiye aliyesimama. Njiani, kati ya jengo na jengo, watafiti walikuwa wamemweka mtu. Amejikunyata mlangoni, macho kayafumba, anakohoa na kugumia.

Kabla ya kutoka, mwanafunzi aliambiwa jambo moja katika matatu. Kuna walioambiwa kwamba wamekwisha chelewa, wakimbie. Kuna walioambiwa kwamba muda umefika, waende. Na kuna walioambiwa kwamba bado kuna dakika kadhaa, ila si vibaya wakitangulia. Katika wale waliokuwa na nafasi, asilimia 63 walisimama na kumsaidia yule mtu. Katika wale wa kati, asilimia 45. Katika waliochelewa, asilimia 10 tu. Mada waliyoibeba kichwani haikuleta tofauti ya maana. Wapo waliokuwa wakienda kumsifu Msamaria na, wakiwa njiani, wakamvuka mgonjwa kwa miguu yao.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1973, na kila ninapoyasoma hunichoma. Vijana wale walikuwa wameyatoa maisha yao kwa Mungu. Wote walisoma seminari moja na waliijua aya ileile. Kilichomtenganisha aliyesimama na aliyepita ni sentensi moja waliyoambiwa mlangoni.

Watu wengi wanaotamani maisha yasiyo na pupa hudhani kazi yote iko moyoni. Tunajiwekea nadhiri: kuanzia Jumatatu nitaamka mapema, nitakunywa chai yangu kwa utulivu, simu nitaizima saa tatu usiku, sitamfokea mtoto asubuhi kwa sababu ya soksi. Ikifika Jumatano nadhiri imekufa, na tunajilaumu kwamba hatuna msimamo. Mimi naona tunajidhulumu. Utulivu hauwezi kukaa kwa mtu mmoja ikiwa mlangoni pake kila siku kuna sauti inayomwambia amechelewa. Unahitaji mahali pa kukaa, saa zilizokubaliwa na wengi, na watu ambao hawatakuona mvivu ukiwa umeketi. Hayo hayajengwi na mtu mmoja. Watu wa pwani yetu waliwahi kuyajenga kwa mawe na chokaa.

Kwa miaka mingi biashara ya Bahari ya Hindi iliendeshwa kwa pepo mbili. Kaskazi ilipovuma, tangu Desemba hivi hadi Machi, majahazi yalishuka kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi na kutia nanga Lamu, Mombasa, Unguja. Kusi ilipogeuka ndipo yaliporudi. Katikati hapo nahodha hakuwa na la kufanya. Tajiri au maskini, mwenye shehena ya tende au ya boriti, wote walisubiri pepo moja. Basi wiki zikapita, pengine miezi, watu wakiwa bandarini hawaendi popote, na miji ikajifunza kuishi na wageni wasio na haraka. Waliuza, walikopeshana, walioa, walifundishana dini na mapishi. Sidhani kama walikuwa na subira kuliko sisi. Bahari ilikuwa imewanyima njia ya kufanya pupa, na mji ukawapa mahali pa kusubiria.

Ukienda Lamu leo bado utapaona mahali hapo. Mlango wa nyumba ya mawe haukurupuki kutoka barabarani. Kwanza kuna daka, ukumbi mdogo wenye viti vya mawe ubavuni, nusu ndani nusu nje. Mgeni asiye wa karibu huishia hapo. Hajakaribishwa ndani na hajafukuzwa. Unguja, katika Mji Mkongwe, kuna baraza zenyewe, benchi ndefu za mawe zilizopigwa chokaa, zimeshikamana na kuta za nyumba pande zote za mlango wa nakshi. Mvua za masika zikijaza vichochoro maji, watu hupita juu ya baraza kama njia ya miguu. Ninalolipenda zaidi ni hili: mwenye nyumba alitoa sehemu ya ujenzi wake, gharama yake na kivuli chake, akawaachia watu asiowajua. Hakutoza. Mpita njia akichoka anakaa, na hakuna anayemuuliza amekuja kufuata nini.

Alasiri baraza huanza kujaa. Muuza kahawa anapita na dele lake, makaa yakiwaka chini, vikombe vinagongana mkononi kiasi kwamba unamsikia kabla hujamwona. Kahawa chungu, kipande cha kashata au halua. Pale Jaws Corner, penye njia kadhaa zinazokutana katikati ya Mji Mkongwe, wazee wanasukuma kete za bao na wengine wanabishana siasa mpaka magharibi. Mgeni akipita huona watu wasiofanya kitu, na hapo ndipo anapokosea kusoma. Kazi inayofanyika barazani ni kubwa, ila haina risiti. Fulani hajaonekana tangu juzi, nani ampitie? Mtoto wa fulani amerudi kutoka Muscat, anatafuta mchumba. Yule fundi aliyechukua pesa za watu akatoweka, ameonekana Mtoni. Bei ya mchele. Nani kafiwa, mazishi saa ngapi, nani ana gari la kubebea watu. Mzee anayeishi peke yake anapokosekana kwenye nafasi yake siku mbili, watu wanagonga mlango. Hakuna programu ya simu iliyowahi kunionyesha kwamba jirani yangu hajaamka.

Wale vijana wa Princeton walipita katika njia isiyo na baraza, wamebeba saa za mtu mwingine. Anayeketi barazani ana nafasi ya kuona. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa ya kwenda polepole, kuliko shinikizo la damu kushuka na kuliko usingizi mzuri, ingawa hayo nayo nayataka.

Angalia salamu zetu. Sabalkheri, umeamkaje, wa nyumbani hawajambo, mgonjwa anaendeleaje, watoto wameshafungua shule? Shikamoo na marahaba yake. Zinachukua dakika mbili tatu, na ndani ya dakika hizo mtu anapewa milango minne au mitano ya kusema lililomsibu. Wa kwanza ataujibu kwa "salama", wa pili "alhamdulillahi", wa tatu ndipo anapovuta pumzi na kusema, "Kusema kweli, mama hali yake si nzuri." Ukiikata salamu kwa "mambo vipi" ukiwa umeshageuza kisogo, huupati mlango wa tatu. Tangu mwaka 2021 WhatsApp inaturuhusu kusikiliza ujumbe wa sauti kwa kasi ya mara moja na nusu au mara mbili. Kwa ujumbe wa kazini sina neno. Lakini ninawajua watu wazima, wema, wanaomsikiliza mama yao mzazi kwa kasi ya mara mbili, na mama anayeanza kwa kuwaulizia wajukuu mmoja mmoja anageuka sauti nyembamba inayokimbia. Kutua kwake, kusitasita kwake kabla ya kusema kwamba mguu umevimba tena, kunapotea. Tafadhali, mama msikilize kwa kasi yake.

Kuna aliyekwisha kuniambia kwamba mazungumzo haya ni ya watu walioshiba. Hoja yake nzito, na nataka kukaa nayo.

Mwaka 1999 Robert Levine na Ara Norenzayan walichapisha utafiti wa kasi ya maisha katika nchi 31. Katika miji mikubwa walipima watu wanatembea upesi kiasi gani katika umbali wa mita 18 hivi, karani wa posta anachukua muda gani kuuza stempu, na saa za ukutani katika benki ziko sahihi kiasi gani. Uswisi iliongoza, Ireland na Ujerumani zikafuata, Kenya ikawa ya 22, na ya mwisho Mexico. Nchi zenye kasi zilikuwa na vifo vingi zaidi vya ugonjwa wa moyo. Lakini watu wake, wakiulizwa, walisema wana furaha zaidi. Mwandishi anayesifu maisha ya polepole hana haki ya kuificha sentensi hiyo ya mwisho. Kasi na pesa mara nyingi huandamana, na pesa huleta dawa, maji bombani na uhakika wa kesho.

Kwa hiyo niseme wazi ninachokitetea. Mama aliyekaa kwenye benchi la hospitali tangu alfajiri na mtoto mwenye homa hajatulia. Amenyang'anywa siku yake. Mzee anayeambiwa na ofisi "njoo kesho" kwa mwezi mzima haishi kwa upole, anadharauliwa. Ucheleweshaji wa namna hiyo ni pupa ya mtu mwingine iliyohamishiwa kwa mnyonge, kwani muda wa mkubwa unalindwa kwa kuutumia wa mdogo. Huduma hizo ziharakishwe hata kesho. Treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 inakufikisha Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa takriban saa nne, safari ambayo kwa basi humeza karibu siku nzima, na mimi ni abiria wake mwenye shukrani. Ninaloliuliza ni zile saa zilizookolewa zimekwenda wapi. Nikitazama behewani, naona watu wengi wamezirudisha kazini kupitia simu kabla hata hatujafika Morogoro.

Upande wa pili wa hoja ni wanawake. Baraza za mitaani kwa sehemu kubwa ni za wanaume, na wanaume wengi waliweza kuketi pale hadi magharibi kwa sababu ndani kulikuwa na mtu anayekuna nazi, anayechota maji, anayeogesha watoto. Utulivu unaosimama juu ya mgongo wa mtu mwingine una deni. Hata hivyo ingekuwa dhuluma nyingine kusema wanawake wa pwani hawakuwa na mahali pao. Walikuwa napo, na wanapo, uani na ukumbini, na mara nyingi mikono yao haikulala. Wanasuka ukili, utepe mrefu wa ukindu unaokua pima kwa pima huku mazungumzo yakiendelea, kisha unashonwa kuwa mkeka. Kusuka ukili hakukubali papara: ukivuta kwa hasira, unalegea mahali na kukaza mahali, na mkeka utaonyesha. Mkono unafanya kazi, kinywa na masikio viko huru. Kazi zetu nyingi za leo zimefunga vyote vitatu.

Pwani ya mashariki ya Unguja, wanawake wanaolima mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara huko mwaka 1989, wana kalenda isiyopangwa na ofisi yoyote. Wakati wa bamvua bahari inakupwa mbali, ndipo wanapoingia majini kufunga mbegu kwenye kamba na kuvuna. Ni kazi ngumu. Jua ni kali, chumvi inakula ngozi, bei ni ndogo. Sitaipamba. Lakini yakija maji mafu, mashamba hayafikiki vizuri, na kazi ya majini inapungua kwa wote pamoja. Wanaanika, wanahudhuria harusi, wanasuka. Wala hakuna anayejiona mvivu, kwa kuwa hakuna mwenzake anayemzidi siku hizo. Kupumzika mnakopumzika wote ni tofauti kabisa na likizo ya mtu mmoja ambaye wenzake bado wanamtumia ujumbe. Ijumaa mchana katika miji yetu ina ladha hiyohiyo. Duka likifungwa kwa ajili ya swala, na la jirani nalo limefungwa, hakuna mteja aliyepotea.

Tumeshawahi kuitwa wavivu kwa sababu ya mambo haya. Maofisa wa kikoloni Mombasa walilalamika sana kuhusu makuli wa bandari walioajiriwa kwa kutwa: mtu anafanya kazi siku kadhaa za mwezi, akishapata ya kumtosha anarudi shambani au kuvua. Kwa mtu yule huo ulikuwa uhuru wa kuamua leo ni siku ya nani. Katika miaka ya 1950 utawala ule uliweka mpango wa kuwasajili na kuwalazimisha kufika mara nyingi zaidi. Ajira ya kudumu ilileta pia mambo mema, na wafanyakazi wenyewe, waliogoma mwaka 1947 wakidai ujira bora, hawakuwa wakipigania kukaa bure. Lakini ile lawama ya uvivu tuliirithi, na siku hizi tunajipiga nayo wenyewe bila kusaidiwa.

Kinachonisikitisha zaidi ni jinsi tunavyobomoa. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo zilikuwa na vyumba sita, korido katikati, ua nyuma, na mbele baraza inayotazama mtaa. Nyingi zimeshuka, ghorofa zimepanda, na pale ilipokuwa baraza pana fremu za maduka zenye kodi kubwa. Kila futi ina bei, kwa hiyo hakuna futi ya kukaa bure. Huko pembezoni tunakojenga wenyewe, tumezungusha ukuta, tumeweka geti la chuma na juu yake nyaya. Jirani tunamjua kwa honi ya gari lake. Kisha jioni, baada ya foleni ya saa mbili, tunajifungia ndani na kujiuliza kwa nini hatupumziki. Vijiwe vya vijana, na vibao vya mbao chini ya mwarobaini penye drafti, ndivyo vilivyobaki kushikilia kazi ya baraza, na hivyo navyo tunavitukana.

Kwingine watu wanajenga tunachobomoa. Mwaka 1999 nchini Italia, meya wa Greve in Chianti, Paolo Saturnini, na wenzake wa Orvieto, Bra na Positano walianzisha Cittaslow, umoja wa miji midogo iliyojifunga kwa makubaliano: kupunguza magari katikati ya mji, kulinda masoko na chakula cha wenyeji, kuacha viwanja vya watu kukaa. Mji wenye wakazi zaidi ya 50,000 haupewi uanachama. Karibu na kwetu, Kigali tangu mwaka 2016 imekuwa ikifunga barabara kadhaa kuu asubuhi za Jumapili zilizoteuliwa. Watu wanakimbia na kuendesha baiskeli pale penye magari siku nyingine, na wahudumu wa afya wanawapima sukari na shinikizo la damu bure. Lamu nayo, pikipiki zilipoanza kujipenyeza katika vichochoro ambavyo punda wawili hupishana kwa shida, wenyeji walilalamika hadi zikapigwa marufuku ndani ya Mji wa Kale. Punda wanaendelea kubeba mawe na simenti, na tangu mwaka 1987 wana kliniki yao ya hisani.

Mimi na wewe hatuna mamlaka ya meya. Tuna nyumba, na wengine wetu tuna uongozi wa mtaa. Katika nyumba, anza na saa moja ambayo wote wameikubali, hata mwenye simu ya kazini, na ambayo hakuna anayepika peke yake ili wengine wakae. Nasisitiza wote. Baba akikaa na mama yuko jikoni, hiyo ni desturi ya zamani tu iliyopewa jina jipya. Mpunga upetwe kwa pamoja, nazi ikunwe na kijana wa kiume, chakula kiliwe kwenye sinia moja. Mtaani, kaeni kikao mkubaliane jioni moja ya juma ambayo bodaboda na magari hayatapita katika njia yenu ya ndani kuanzia alasiri mpaka magharibi, watoto wacheze, wakubwa watoe viti. Mtaa mfupi hauhitaji zaidi ya mapipa mawili ya lami ya kuziba njia, na ridhaa ya watu.

Na ukijenga, jenga baraza. Utaambiwa italeta wavuta bangi na wezi. Uzoefu wa mitaa niliyoishi ni kwamba mwizi huchagua njia yenye kuta ndefu isiyo na mtu nje, na vijana wanaojulikana kwa majina na kwa majina ya mama zao hujiheshimu zaidi mbele ya mzee aliyeketi kuliko mbele ya kamera. Weka taa juu yake. Mpe kiti cha kwanza bibi wa nyumba ya pili, ili isiwe ya wanaume tangu siku ya ufunguzi. Upana wa futi moja na nusu unatosha kukalia, urefu wa kwenda juu ufike magotini, na kingo zilainishwe zisiwaumize watoto. Hakikisha inatoka nje ya ukuta wako, ndani ya mpaka wa kiwanja chako, isije ikavunjwa na wenye barabara. Kivuli cha alasiri huangukia upande wa mashariki wa nyumba, kwa hiyo mwambie fundi aipange upande huo tangu kwenye msingi, kabla hajamwaga zege.